Istilahi za Umemejua: Volti Tatu kwa Jina Moja

1.0 Utangulizi

Mjadala wa istilahi za Kiswahili umezoea kuendeshwa mezani. Orodha ya maneno ya Kiingereza huletwa, kikao huketi, visawe hupendekezwa, na baada ya miaka kadhaa kitabu hutoka. Utaratibu huo umeleta manufaa ambayo haifai kuyabeza. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, iliwapa walimu msamiati ambao waliowatangulia hawakuwa nao. Na Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili cha Tumbo-Masabo na Mwansoko (1992) kiliwapa waundaji istilahi kanuni za kufuata. Hata hivyo, liko eneo moja la maisha ambalo meza imechelewa kulifikia, nalo ni ufundi wa umemejua. Katika eneo hilo kuchelewa kwa istilahi hakuishii katika kutoafikiana kwa wataalamu. Huishia katika chombo kilichoungua ukutani na familia iliyorudi kwenye kibatari.

Suala lenyewe ni hili. Mtu mwenye kibanda mahali ambapo gridi ya taifa haifiki hununua paneli kadhaa, kidhibiti chaji na betri. Paneli zikiwa zaidi ya moja hapana budi ziungwe, na namna za kuziunga ni mbili tu. Zikiungwa kwa mfululizo, chanya ya hii kwa hasi ya ile, volti hujumlishwa na mkondo hubaki wa paneli moja. Zikiungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, mikondo hujumlishwa na volti hubaki ya paneli moja. Hayo yamo katika vitabu vya shule wala hayana mgogoro. Mgogoro huanza pale ambapo kundi la paneli lililokwisha kuungwa linapaswa kuoana na kidhibiti, kwa sababu kidhibiti kina mipaka, na mpaka wake wa volti ukivukwa hata kwa dakika moja chombo huweza kufa kisifufuke. Nambari ya kuamua jambo hilo imeandikwa nyuma ya paneli. Fundi huiona, na mwenye mali huiona. Lakini wakizungumza, wote wawili huiita "volti", na neno hilo moja limebebeshwa mambo matatu yaliyo mbalimbali kabisa.

Dai la makala haya ni kwamba mambo hayo matatu yanahitaji majina matatu ya Kiswahili, na kwamba majina hayo yatafutwe kwa kuanzia na uamuzi anaopaswa kuufanya fundi, si kwa kuanzia na maneno ya Kiingereza yanayongojea visawe.

2.0 Volti Tatu

Inafaa kuanza na paneli ndogo ya zamani, ile inayoitwa "ya volti 12". Ndani yake mna seli 36. Seli moja ya silikoni ikiwa kazini hutoa takribani nusu volti. Ikiachwa bila kutumiwa hufikia volti 0.6 hivi. Kwa hesabu hiyo, paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa nguvu yake kamili kwenye volti 17 au 18, na isipounganishwa na kitu chochote hupanda hadi 21 au 22. Kumi na mbili, basi, si kipimo cha paneli hata kidogo. Ni jina la betri ambayo paneli ilikusudiwa kuichaji. Ile ziada iliwekwa kwa makusudi, ili joto la mchana litakapoipunguza volti ya paneli, bado ibaki ya kutosha kuisukuma betri hadi volti 14 na ushei inazozihitaji ili ijae.

Kwa muda mrefu jina hilo la uongo halikumdhuru mtu. Paneli iliitwa ya 12, kidhibiti cha 12, betri ya 12 na taa za 12, na mnunuzi aliyejua kuhesabu hadi kumi na mbili hakuweza kukosea. Kidhibiti chenyewe kilikuwa swichi tu: kiliunganisha paneli na betri moja kwa moja, kisha betri ilipokaribia kujaa kikakata na kuunganisha kwa haraka ili isichemke.

Mambo yalibadilika zilipoingia madukani paneli kubwa za seli 60 na 72, zilizobuniwa kwa ajili ya mitambo iliyoungwa na gridi, na ambazo bei yake kwa kila wati ni nafuu mno kuliko ya zile ndogo. Paneli ya seli 60 hufanya kazi kwenye volti 31 hivi, na bila mzigo hupanda hadi 38. Ile ya seli 72 hufanya kazi kwenye volti 38 na hupanda hadi 46. Paneli hizi si za 12 wala si za 24. Lakini muuzaji akiulizwa paneli ni ya volti ngapi, aghalabu hujibu kwa mojawapo ya nambari hizo mbili, kwa kuwa desturi ya swali inamtaka awe na jibu.

Tazama gharama ya jibu hilo. Mtu akiifunga paneli ya seli 60 yenye wati 300 kwenye betri ya volti 12 kwa kupitia kidhibiti swichi, paneli huburutwa hadi kwenye volti ya betri, huku mkondo wake ukibaki ampea tisa na nusu hivi. Volti 13 mara ampea 9.5 ni wati zisizofika 124. Zaidi ya nusu ya alicholipia mwenye mali imepotea, na hakuna moshi, hakuna harufu ya kuungua, wala taa nyekundu ya kumwonya. Atasema sola ni hafifu. Atanunua nyingine.

Ndipo ulipokuja umuhimu wa kidhibiti cha aina ya pili, ambacho sanduku lake huandikwa herufi MPPT. Hiki hakiiungi paneli na betri moja kwa moja. Hupokea volti nyingi na mkondo mdogo kutoka kwenye paneli, kikavigeuza kuwa volti chache na mkondo mkubwa kwa ajili ya betri, huku kikipapasa kila mara kujua ni kwenye volti ipi paneli hutoa wati nyingi zaidi. Kukiita "kidhibiti kitafutakilele" kungemweleza mtu kazi yake kuliko zile herufi nne, ambazo siku hizi huchapishwa hata kwenye masanduku ambayo ndani yake mna swichi tu. (Masanduku hayo ya uongo aghalabu hutambulika kwa wepesi wake, maana hayana koili nzito ya kugeuza umeme.)

Kidhibiti kitafutakilele ndicho kilichozitenganisha volti tatu zilizokuwa zimelala kitanda kimoja. Ipo kwanza volti jina, ambayo ni adabu ya dukani tu. Ipo volti kazi, ambayo kwayo paneli hutoa nguvu yake kamili. Hii ndiyo inayoamua kama betri itachajiwa au la. Kisha ipo ile ya tatu, ambayo paneli huwa nayo isipotumiwa; hii ndiyo inayoamua kama kidhibiti kitaishi. Kidhibiti kilichoandikwa 150 hakisemi kwamba kinataka volti 150 wala kwamba kitaridhika nazo. Kinasema kwamba hiyo ya tatu ikipita 150, kifo ni chake.

Hii ya tatu imezoeleka kufasiriwa kwa tafsiri mkopo kuwa "volti ya saketi wazi". Tafsiri hiyo haina kosa la kamusi, ila ina kosa la masikio. Katika Kiswahili cha kila siku kitu kikifunguliwa hutoka kilichomo: bomba likiwa wazi maji humwagika, na anayeambiwa afungue redio huiwasha. Katika saketi mambo ni kinyume, kwamba ikifunguliwa umeme hukoma. Mwanafunzi anayesikia "saketi wazi" kwa mara ya kwanza, na ambaye hakupitia maabara, ana kila sababu ya kudhani kwamba hiyo ndiyo volti ya wakati umeme unapotiririka. Hapo atakuwa ameishika volti kazi kwa jina la ile nyingine, na kosa lake litakuwa kosa la mantiki nzuri. Pendekezo la makala haya ni "volti tuli", kwa maana ya volti ya paneli iliyotulia, isiyosukuma kitu. Neno ni fupi, linatamkika, na halimpeleki msikilizaji upande usio wake.

Kwa upande wa mkondo lugha imejisaidia yenyewe. Neno "shoti" limekwisha kukaa vinywani, na "mkondo wa shoti" unaeleweka bila darasa. Tatizo dogo ni kwamba shoti kwa wengi maana yake ni nyumba kuteketea, ilhali paneli ikipigwa shoti haiungui: mkondo wake wa shoti huzidi ule wa kazini kwa kiasi kidogo tu, tuseme ampea 9.8 badala ya 9.2. Betri ndiyo yenye kuua kwa shoti.

3.0 Asubuhi ya Mlimani

Uzito wa kutenganisha majina unaonekana vizuri zaidi mahali penye baridi. Vibanda vya wapanda mlima katika njia ya Marangu, Kilimanjaro, huwashwa taa kwa umemejua. Horombo iko mita 3,720 juu ya usawa wa bahari na Kibo iko mita 4,720 hivi, na usiku wa Kibo maji huganda. Si lazima kwenda mbali hivyo. Katika uwanda wa Kitulo na sehemu za Makete na Njombe, sakitu huonekana asubuhi za Juni na Julai. Mfano unaofuata ni wa kibanda cha kubuni katika mazingira hayo.

Fundi ana paneli tatu za seli 72. Kila moja ina volti tuli 46, kama ilivyoandikwa nyuma yake. Kidhibiti kina mpaka wa volti 150. Anaziunga zote tatu kwa mfululizo: 46 mara 3 ni 138. Anabaki na volti 12 za akiba na anaondoka ameridhika, na kwa hesabu aliyofundishwa hajakosea.

Lakini 46 ni volti tuli ya paneli yenye halijoto ya nyuzi 25 za sentigredi, ambacho ndicho kipimo cha kiwandani. Paneli za silikoni huongezewa volti na baridi. Kwa paneli nyingi nyongeza hiyo ni karibu asilimia 0.3 kwa kila nyuzi moja ya kupungua kwa joto. Asubuhi yenye nyuzi 5 chini ya sifuri imepungukiwa nyuzi 30 kutoka 25. Nyongeza ni asilimia 9. Na 138 imekuwa 150.4. Mpaka umevukwa.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini jambo hilo litokee alfajiri, wakati jua ni changa. Hapa ndipo penye siri ya volti tuli. Mkondo wa paneli huongezeka na kupungua sawasawa na mwanga, lakini volti haifanyi hivyo. Mwanga hafifu wa mwanzo hutosha kuifikisha volti karibu na kikomo chake, na mwale wa kwanza wa jua kamili huifikisha pale pale. Wakati huo paneli ni baridi kama hewa ya usiku, au zaidi, maana usiku usio na mawingu uso wa kioo hupoteza joto kuelekea angani. Na kidhibiti bado hakijaanza kuvuta mkondo, kwa hiyo volti iliyopo ni ile tuli, haijashushwa kuwa volti kazi. Mambo yote matatu hukutana katika dakika zile zile. Saa mbili baadaye paneli imepata joto, hatari imepita, na fundi akija kupima saa sita mchana atakuta volti za kawaida na kidhibiti kilichokufa. Atasema kilikuwa kibovu tangu dukani.

Kinachomzuia fundi asiione hatari hii si ujinga. Ni lugha pia. Neno "jua" katika Kiswahili limefumbata mwanga na joto kwa pamoja, na "jua kali" ni joto kabla ya kuwa kitu kingine. Mtu anayewaza kwa Kiswahili kuwa paneli hula jua, atawaza kwa haki kuwa paneli hufurahia joto na hudhoofika kwa baridi. Ukweli ni kwamba paneli hula nuru, na joto huidhuru. Pengine "umemenuru" ungekuwa msamiati wenye uaminifu zaidi kuliko "umemejua". Lakini neno likishaolewa na watu haliachwi kwa sababu za kimaabara, na hakuna haja ya kupigana vita hiyo. Inatosha mwalimu aseme "mwanga" anapokusudia mwanga na "joto" anapokusudia joto, na aache "jua" libaki la washairi na la mabango ya wauzaji.

Kanuni za umeme za Marekani zina jedwali la kuzidisha volti tuli kulingana na baridi ya mahali, na mhandisi wa huko halazimiki kuikumbuka fizikia. Hutazama mstari wake akazidisha. Jedwali la namna hiyo kwa Kiswahili lingekaa kwenye nusu ukurasa.

4.0 Mchana wa Pwani

Hatari ya pwani ni kinyume chake, nayo haina kishindo. Chukua dago la wavuvi wa dagaa kisiwani, lenye betri za volti 24 kwa ajili ya taa na jokofu dogo. Paneli moja ya seli 60 imefungwa juu ya bati. Volti kazi yake ni 31, na betri ni ya 24. Kila anayetazama ataona kwamba 31 inatosha. Lakini bati la saa saba mchana huifanya paneli ifikie nyuzi 65 au zaidi. Hizo ni nyuzi 40 juu ya kipimo cha kiwandani, na volti kazi hupungua kwa asilimia 0.4 hivi kwa kila nyuzi. Kilichobaki ni volti 26. Betri ya risasi ya volti 24 huhitaji 28.8 hivi ili ijae. Vidhibiti vya aina hii kwa kawaida hushusha volti tu, havipandishi. Kwa hiyo kila siku betri hufika mahali fulani, ikasimama.

Betri ya risasi isiyojaa kwa muda mrefu huota salfeti ngumu kwenye bamba zake, na uwezo wake hupungua mwezi hata mwezi. Wavuvi wataona betri haidumu na watalaumu betri. Dawa ilikuwa kuongeza paneli ya pili kwa mfululizo, ili volti kazi iwe 62 na baada ya joto ibaki 52. Pale mlimani dawa ilikuwa kupunguza mfululizo. Hapa ni kuuongeza. Fundi aliyejifunza kwa kukariri mpangilio mmoja, na akahama kutoka Makete kwenda Mafia, ataharibu kwa uaminifu kabisa.

Jambo jingine linalofichwa na usemi wa kawaida ni tofauti kati ya ziada na ziada. Mafundi husema chombo "kimezidiwa", na neno hilo hutumika kwa volti, kwa ampea na kwa wati bila ubaguzi. Kumbe kidhibiti huchukuliana na ziada hizi kwa namna tofauti. Kidhibiti cha ampea 30 kwenye betri ya volti 24 huweza kupitisha wati 850 hivi. Kikiungwa na paneli za wati 1,000 hakifi. Hukata tu ziada ya saa za mchana na kupitisha kiasi chake, ilimradi mkondo wa shoti wa paneli hauvuki kiwango kilichoandikwa katika maelezo yake, na katika mawingu ya masika paneli hizo za ziada huwa neema. Ziada ya wati hukatwa. Ziada ya volti huua. Lugha ya ufundi ikizipa ziada hizo kitenzi kimoja, mwenye tahadhari atazikimbia zote mbili na kununua paneli pungufu, na asiye na tahadhari atazizoea zote mbili.

5.0 Kuhusu Kundi la Paneli

Limebaki jina la kile kinachoungwa. Kiingereza hulitaja kundi la paneli zilizo katika mfululizo mmoja kwa neno lenye maana ya uzi. Tafsiri ya moja kwa moja haifai, kwa kuwa fundi tayari ana nyaya mkononi na "uzi" utaonekana kuwa mmojawapo. "Safu" lina mvuto, ila ni hatari: paneli nne zilizopangwa safu moja juu ya paa huweza kuwa makundi mawili ya umeme, na macho yakiona safu moja akili itahesabu kundi moja. "Mfululizo" wenyewe ni hali ya kuungwa, na kuufanya pia kuwa jina la kundi kutazaa sentensi kama "mifululizo miwili iliyo sambamba", ambayo itamchosha hata aliyeitunga.

Wazee wa pwani wangekuwa na jibu jepesi. Samaki waliopitishwa ukindu mmoja ni mtungo, na shanga kadhalika. Hakuna neno la Kiswahili linalokaribia zaidi dhana hii. Kwa bahati mbaya mitaa imelichafua neno hilo kwa maana ya ukatili ambao hautajwi mbele ya darasa, na mwalimu wa chuo cha ufundi akilitamka atapoteza kipindi. Wako watakaosema kwamba lugha isitoe maneno yake kwa wahuni. Hoja hiyo ina heshima yake, lakini kazi ya istilahi ni kutumika Jumatatu asubuhi, na hapa inafaa kukubali hasara.

"Mnyororo" ndilo linalobaki, nalo lina faida ambayo hata mtungo hauna. Kila mtu anajua kwamba nguvu ya mnyororo ni ya pete iliyo dhaifu kuliko zote. Ndivyo ilivyo: paneli ya zamani ya ampea 5 ikitiwa katika mnyororo mmoja na mpya za ampea 9, mnyororo mzima huburutwa kuelekea tano, na kivuli cha mwembe juu ya paneli moja huidhuru minyororo kuliko kinavyozidhuru paneli zilizo sambamba. Paneli zisizolingana ampea zisikae mnyororo mmoja. Minyororo isiyolingana volti isiungwe sambamba. Kwa maneno hayo mawili, mnyororo na sambamba, kanuni imekwisha kusemwa na haina haja ya mchoro.

Turufu ya msamiati huu huonekana mtu anapopanga. Tuseme zipo paneli nne za seli 72, zenye volti tuli 46 na mkondo wa kazini wa ampea 9.2. Mnyororo mmoja wa nne una volti tuli 184, na kidhibiti cha 150 hakiukaribii. Zikiwa sambamba zote nne, volti ni salama lakini ampea ni karibu 37, na waya wa kutoka paani hadi betrini utagharimu kama paneli nyingine. Minyororo miwili ya paneli mbili mbili ina volti tuli 92 na ampea 18.4, mkondo umekuwa nusu, na upotevu katika waya ule ule umekuwa robo, kwa kuwa upotevu hufuata mraba wa mkondo. Mpangilio huu hukaa vizuri kwenye kidhibiti cha 150. Aliye na kidhibiti cha 100 naye atauona kuwa salama, maana 92 ni pungufu ya 100, lakini ile asubuhi ya nyuzi 5 chini ya sifuri huifikisha 100.3. Na minyororo ikifika mitatu, kila mmoja uwe na fyuzi yake, kwa sababu mmoja ukipata hitilafu ile mingine miwili huumwagia mkondo wake.

6.0 Hoja ya Kuacha Mambo Yalivyo

Upo upinzani wa kawaida, kwamba mafundi wamekwisha kuyazoea maneno ya Kiingereza, nao husema sirizi na paraleli bila shida, na kwamba kuwaletea istilahi mpya ni kuwasumbua. Upinzani huu hauwezi kutupwa. Istilahi nyingi zilizoundwa mezani zimebaki katika vitabu kwa sababu hiyo hasa. Na ieleweke kwamba hakuna sababu ya kumnyang'anya fundi sirizi yake. Utohozi ni njia halali ya kukuza lugha, na paneli, betri, volti na chaji zimepita njia hiyo zikawa raia.

Lakini upinzani huo humtazama fundi peke yake. Ununuzi wa umemejua ni mazungumzo ya watu wawili, na wa pili ndiye mwenye fedha. Mazungumzo hayo hufanyika kwa Kiswahili, tena katika nchi kama Tanzania, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia elimu ya msingi tangu 1967 na ambako wengi hawakupata nafasi ya kuendelea mbele ya hapo. Mwenye kibanda asiye na neno la volti tuli hana swali la kuuliza. Hawezi kumwambia fundi, "Baba, umehesabu volti tuli ya asubuhi ya baridi?" Anaweza tu kuuliza kama ni nzuri, na fundi atajibu kwamba ni nzuri. Baadaye chombo kikifa, hana maneno ya kudai haki yake kwa muuzaji, maana hata malalamiko huhitaji istilahi.

Fundi mwenyewe pia hayuko salama kama inavyodhaniwa. Kulitambua umbo la herufi Voc kwenye karatasi si sawa na kuijua dhana. Ushahidi ni ile alama ya kutoa inayotangulia asilimia ya joto nyuma ya paneli. Huandikwa kutoa 0.30 kwa kila nyuzi, na wengi huisoma kuwa ni upungufu, wakadhani baridi hupunguza. Alama hiyo husema kinyume: joto likipanda volti hushuka, basi joto likishuka volti hupanda. Kutoa mara kutoa ni kujumlisha. Hesabu ya darasani, ila juu ya ngazi, kwenye upepo, si kila mtu huikumbuka.

Kwa hiyo lebo ya Kiswahili isiifasiri nambari hiyo. Iiache kabisa, na mahali pake iandikwe moja kwa moja: volti tuli kwenye nyuzi 25, na volti tuli kwenye sifuri. Hilo ni jambo ambalo BAKITA, BAKIZA na wenzao wa Kenya wanaweza kukubaliana na mashirika ya viwango bila kungoja kamusi nzima, kwa kuwa maneno yanayohitajika hayafiki kumi. Kwa paneli ya mfano wetu ingesomeka 46 na 49.5. Fundi wa pwani angetumia nambari ya kwanza. Wa Njombe angeizidisha ya pili kwa tatu, akapata 148.5, akatazama 150 iliyoandikwa kwenye kidhibiti chake, akakumbuka sakitu, na akashuka ngazini kuifungua paneli moja.